Acheni Kuongeza Kapasita, Anzeni Kupiga Hesabu

Haya wasomaji wangu, leo sizungumzii PHP wala Linux. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya mambo ya umeme. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya programu peke yake vumilieni kidogo, maana ugonjwa ninaotaka kuusema ni ule ule tunaouona ofisini kila wiki.

Ugonjwa ni huu. Mtu ana amplifaya ya valvu. Labda ni ya gitaa, ya kanisa. Labda ameiunda mwenyewe kwa kufuata mchoro alioupata kwenye intaneti. Inavuma, mmmmm, hata sauti ikiwa imefungwa kabisa. Akiuliza afanye nini, jibu ni moja tu, liwe limetoka kwa fundi wa Luthuli Avenue au kwa yule mpenzi wa muziki mwenye spika za bei ya shamba: ongeza kapasita. Ilikuwa ya mikrofaradi 16? Weka ya 100. Bado inavuma? Weka ya 220. Hakuna anayeuliza amplifaya inavuta miliampea ngapi. Hakuna anayeuliza rektifaya ni ya aina gani, wala mvumo wenyewe ni wa Hz ngapi.

Sisi waandishi wa programu tunamjua jamaa huyu. Ni yule ambaye seva ikienda polepole anaagiza RAM. Hifadhidata haina indeksi, kila mteja akibonyeza kitufe jedwali lote la rekodi milioni moja linasomwa kutoka juu hadi chini, na yeye anaagiza RAM. Tofauti ni kwamba RAM ya ziada haijawahi kumuua mtu.

Tuanze na kitu ambacho hakigharimu hata shilingi. Kabla hujanunua chochote, pakua programu ya bure ya simu inayoonyesha spektra ya sauti, isogeze simu karibu na spika, uangalie mvumo uko wapi. Stima yetu Kenya ni volti 240 kwa Hz 50. Rektifaya ya mawimbi kamili huyakunja mawimbi, kwa hiyo uchafu unaotoka kwenye usambazaji wa umeme huwa wa Hz 100. Ukiona mlima mkubwa kwenye 50 badala ya 100, kuna uwezekano mkubwa shida yako ni waya za filamenti zilizopita karibu na gridi, au transfoma ya stima iliyowekwa ubavuni mwa transfoma ya spika. Hapo hata ukinunua kapasita ukubwa wa chupa ya soda, mvumo utabaki pale pale. Sijui kwa nini hakuna anayewaambia watu jambo hili. Ni dakika 2 tu.

Sasa tuseme ni Hz 100 kweli. Kapasita ya kwanza baada ya rektifaya ifikirie kama tangi la maji juu ya nyumba. Mfereji wa kanjo unafunguliwa mara 100 kwa sekunde, kila mara kwa muda mfupi sana, na nyumba inatumia maji bila kukoma. Kati ya kujazwa na kujazwa maji hushuka. Huko kupanda na kushuka ndiko nitakakokuita vijiwimbi. Hesabu yake mtoto wa sekondari anaiweza: chukua mkondo kwa ampea, gawanya kwa 100, gawanya tena kwa ukubwa wa kapasita kwa faradi. Unapata volti kutoka kilele hadi bonde, kwa makisio yanayozidi ukweli kidogo.

Tuchukue mfano ambao wapiga gitaa wanaujua, Fender Deluxe ya miaka ya 1950, mchoro wa 5E3. Ina kapasita tatu tu, kila moja mikrofaradi 16, na kati yao rezista mbili: ya omu 5,000 na ya omu 22,000. Mtu wa leo akiuona mchoro huo anacheka. Kumi na sita! Basi tupige hesabu. Tuseme amplifaya inavuta miliampea 80. Kwenye kapasita ya kwanza utapata vijiwimbi vya volti 50 hivi. Vinatisha, lakini valvu mbili za 6V6 zinafanya kazi ya kusukumana na kuvutana, kwa hiyo vijiwimbi vinavyofika kwenye anodi zote mbili kwa pamoja hufutana, karibu vyote, ndani ya transfoma ya spika. Kapasita ya pili ya 16 kwa Hz 100 ina ukinzani wa omu 100 hivi. Ukiiweka baada ya rezista ya omu 5,000, vijiwimbi vinagawanywa kwa 50, vinabaki volti 1. Hatua ya tatu ina omu 22,000 dhidi ya omu 100, unagawanya kwa 220. Valvu ndogo ya mwanzo, ile inayokuza sauti kuliko zote na isiyotaka mchezo, inapata milivolti 4 na nusu. Kutoka volti 50 hadi milivolti 4.5, kwa kapasita tatu ambazo leo tunazidharau. Leo Fender aliziweka mahali pake, na hesabu ilifanya kazi iliyobaki.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa huku. Mchoro ule ulichorwa Marekani, ambako stima ni ya Hz 60, na vijiwimbi ni vya Hz 120. Ukiunda saketi ile ile Nairobi, kapasita ya kwanza inaacha vijiwimbi vikubwa kwa mara 1.2, na kila hatua ya rezista na kapasita inachuja vibaya zaidi kwa mara 1.2. Hatua tatu: 1.2 mara 1.2 mara 1.2, unapata 1.7. Kwa hiyo ndiyo, kwa Kenya kuna sababu halali ya kuongeza kidogo. Toka 16 nenda 22, umemaliza kazi. Sababu ya kwenda 220 haimo kwenye hesabu hiyo hata ukiitafuta kwa tochi.

Niliitwa kuangalia amplifaya ya namna hiyo ya kanisa moja hapa mjini. Fundi aliyetangulia alikuwa ameweka mikrofaradi 220 moja kwa moja baada ya rektifaya ya valvu, 5Y3GT. Kanisa lilikuwa limeshanunua valvu za rektifaya mara mbili, na harambee ya tatu ilikuwa njiani. Karatasi ya data ya valvu hiyo inazungumzia kapasita ya mikrofaradi 20 hivi. GZ34, ambayo ina nguvu zaidi, mwisho wake ni 60. EZ81 ni 50. Watengenezaji hawakuandika namba hizo kwa mapambo. Kapasita kubwa iliyo tupu ni kama waya uliounganishwa moja kwa moja. Sasa fikiria stima zetu: inakatika kidogo, inarudi baada ya sekunde chache. Kathodi za valvu bado ni moto, amplifaya imeshazinyonya kapasita, na volti zote za transfoma zinarudi kwa mpigo mmoja. Mkondo unaopita wakati huo ndio unaokula kathodi ya rektifaya. Na sisi hapa, stima kukatika na kurudi hatuhesabu kama ajali, ni Jumanne tu.

Najua kuna atakayesema: tumia dayodi za silikoni basi, 1N4007 haina shida hiyo. Ni kweli, dayodi itavumilia. Transfoma je? Tangi likiwa kubwa maji hayashuki sana, kwa hiyo mfereji unafunguka pale karibu na kilele tu, muda mfupi zaidi. Mkondo wa wastani ni ule ule lakini umebanwa. Tuseme unavuta miliampea 70, na rektifaya inapitisha kwa milisekunde 2 kati ya kila 10. Wakati wa kupitisha, mkondo ni 350. Ibane iwe milisekunde 1, mkondo unakuwa 700. Joto la waya linafuata mraba wa mkondo, kwa hiyo muda umepungua nusu na joto limeongezeka mara mbili. Transfoma imekuwa jiko na amplifaya haijaongeza hata wati moja.

Halafu mipigo hiyo mikali inarudi transfoma kwa kupitia waya wa ardhi. Ikiwa umeunganisha kila kitu popote kwenye bodi ya chuma, kama wengi wanavyofanya, mipigo inapita kwenye kipande kile kile cha chuma ambacho pembejeo ya gitaa inakitegemea kama sifuri yake. Matokeo yake si mmmmm tena, ni zzzzz, mlio wa nyuki. Hapo mwenye amplifaya anasema, bado inavuma, ngoja niongeze kapasita. Nimeona mtu akizunguka mduara huo hadi mshahara ukaisha. Dawa ni waya mmoja mfupi: hasi ya kapasita ya kwanza na waya wa katikati wa transfoma viunganishwe vyenyewe kwanza, ndipo waya mmoja utoke hapo kwenda kwingine.

Sasa tuunde kichujio kutoka mwanzo, tukianzia sikioni na kurudi nyuma, kama unavyoanza programu kwa kuuliza mteja anataka kuona nini kwenye skrini. Chukua amplifaya ya valvu moja ya 300B. Hii ndiyo ngumu, kwa sababu hakuna valvu ya pili ya kufuta vijiwimbi. Nataka mvumo usizidi milivolti 1 kwenye spika ya omu 8. Transfoma ya spika ina omu 3,500 upande wa valvu, kwa hiyo uwiano wake wa mizunguko ni 21 hivi, na milivolti 1 kwenye spika ni milivolti 21 upande wa valvu. Ukinzani wa ndani wa 300B ni omu 700 hivi, kwa hiyo asilimia 83 ya vijiwimbi huangukia kwenye transfoma. Jibu: usambazaji unaruhusiwa kuwa na milivolti 25. Sasa tuna lengo. Ni namba, unaweza kuipima kwa mita.

Amplifaya nzima inavuta miliampea 70. Kapasita ya kwanza ya mikrofaradi 47 inaacha volti 15 kutoka kilele hadi bonde, yaani kama volti 4.3 kwa kipimo cha rms. Tunahitaji kugawanya kwa 172.

Mfuasi wa kanisa la Ongeza Kapasita afanye nini? Inambidi azidishe 47 kwa 172. Anapata mikrofaradi 8,000 na kitu, kwa volti 400. Nishati iliyomo humo ni juli 640 hivi. Mashine ya hospitalini ya kushtua moyo hutoa hadi juli 360. Mtu huyo ameweka mezani, karibu na kikombe cha chai na watoto wanaocheza, kitu kinachozidi hiyo mashine, ili kuondoa mvumo.

Mimi natafuta koili ya henri 10 yenye kiini cha chuma, na kapasita nyingine ya mikrofaradi 47 baada yake. Kwa Hz 100 koili na kapasita hiyo hugawanya vijiwimbi kwa 184. Volti 4.3 zinakuwa milivolti 23. Tumefika, kwa kapasita mbili ambazo kila moja ina juli 4 hivi. Koili ni nzito, si rahisi kuipata mjini, na utaguna ukiambiwa bei yake. Ninakubali. Lakini ukilinganisha na transfoma ya kuunguza na valvu za kununua kila mwaka, bei hiyo unailipa mara moja.

Na sisemi kila mtu anunue koili. Ukitumia EL84 moja badala ya 300B, hali inabadilika kabisa. Ile ni pentodi, ukinzani wake wa ndani ni omu 38,000 hivi, na mzigo wake ni 5,200. Asilimia 12 tu ya vijiwimbi vya anodi huangukia kwenye transfoma. Tatizo lake liko kwenye gridi ya pili, kwa sababu vijiwimbi vikifika pale valvu inaviona kama muziki na kuvikuza. Gridi hiyo inavuta miliampea 5 na nusu peke yake. Weka rezista ya omu 2,200 na kapasita ya 47 kwa ajili yake: umegawanya kwa 65 na umepoteza volti 12. Rezista ya bei ya ndizi imefanya kazi kwa sababu tuliuliza uchafu unaingilia mlango gani.

Kuna utetezi mmoja ambao nauheshimu kidogo, wa besi. Wanasema kapasita kubwa ni akiba, ngoma ikipigwa inatoa nguvu papo hapo. Tuhesabu. Ngoma ikidai miliampea 100 za ziada kwa milisekunde 10, kapasita ya mikrofaradi 100 inashuka volti 10. Sawa, kwa muda huo mfupi ukubwa unasaidia. Lakini noti ya besi inayovutwa robo sekunde imepita mizunguko 25 ya kujaza. Muda huo wote anayeamua volti zitashuka kiasi gani ni ukinzani wa transfoma na wa rektifaya. Ukitaka besi isiyolegea, nunua transfoma nzuri zaidi. Na kwa amplifaya ya valvu moja ya daraja A hoja yenyewe inapungua nguvu, maana mkondo wake wa wastani karibu haubadiliki, muziki uwe mkubwa au mdogo.

Mahali ambapo ningeongeza kapasita bila kubishana ni mwishoni, baada ya koili. Kwanza, mkondo wa muziki wenyewe hupita kwenye kapasita hiyo kila mara. Pili, koili na kapasita hubembea kama pembea. Henri 10 na mikrofaradi 47 hubembea kwa Hz 7 hivi, na ukinzani wa waya wa koili, tuseme omu 200, hautoshi kuituliza. Utaona koni ya spika ikienda mbele na nyuma taratibu kila ngoma ikipigwa. Ukiweka 100 badala ya 47, pembea inatulia zaidi na mvumo unashuka chini ya nusu milivolti. Kapasita ile ile ya 100 ukiiweka mwanzoni ni kosa, ukiiweka mwishoni ni dawa. Kwa mwandishi wa programu hili halipaswi kuwa jambo geni.

Wanaopenda kuanza na koili kabla ya kapasita yoyote, tahadhari na kanuni ya Marekani inayosema henri za chini kabisa ni volti ugawanye kwa miliampea. Kwa volti 350 na miliampea 70 inakupa henri 5. Hiyo ni kwa Hz 60. Kwa stima yetu unahitaji 5.3, na ukiwa chini ya hapo volti zinaanza kupanda bila wewe kuelewa kwa nini.

Volti zinazopanda ndizo zinazonileta kwenye kapasita zinazopasuka. Transfoma ya 350-0-350 yenye dayodi za silikoni inatoa kilele cha volti 495 papo hapo unapowasha, kwa sababu valvu bado ni baridi na hakuna anayevuta kitu. Stima ikiwa juu kwa asilimia 10 ni 544. Kapasita imeandikwa 450. Mfululizo wa kapasita mbili zenye rezista sambamba ndiyo njia, au rektifaya inayopata moto taratibu kama GZ34.

Hesabu hizi zote huhitaji kuzifanya kwa kalamu. Duncan Munro aliandika programu ya Windows iitwayo PSU Designer II na anaitoa bure. Unachagua rektifaya, unaandika ukinzani wa transfoma, unabonyeza, unaona vijiwimbi na mkondo wa kilele, na ukizidisha kiwango cha valvu inakuonya. LTspice pia ni ya bure. Mtu mwenye kompyuta anayeunda amplifaya leo kwa kubahatisha kapasita ananishangaza kuliko mzee wa 1955 aliyekuwa na kijiti cha kukokotolea tu na akapata milivolti 4.5.

Na rezista ya kumwaga. Hii nasema kwa sauti kubwa. Sambamba na kapasita weka omu 220,000, ya wati 2 au 3. Kwa kapasita za jumla ya mikrofaradi 147, volti 400 zinashuka chini ya 50 kwa dakika moja na sekunde chache. Inakula chini ya wati 1. Michoro mingi ninayoonyeshwa haina, na wenye michoro hiyo ndio wale wale wanaoniambia waliweka 220 "kwa usalama". Hata ukiwa nayo, pima kwa mita kabla ya kuingiza mkono, na mkono wa pili uwe mfukoni, maana rezista nayo huungua.

Wenye amplifaya zinazovuma, nitumieni mchoro kwa barua pepe, pamoja na namba tatu: miliampea inazovuta, aina ya rektifaya, na Hz za mvumo kutoka kwenye simu. Zisipokuwepo sitajibu.